Nimefunga mirija wiki saba, maabara bado wanaona mbegu. Uzi umefunguka?

Swali limekuja hivi, nimelipunguza kidogo:

"Shikamoo daktari. Mimi nina miaka 41, niko huku Igombe, nina mitumbwi miwili ya dagaa. Watoto watano wanatutosha, na uzazi wa mwisho presha ilimpanda mke wangu nusura nimpoteze, kwahiyo tukakubaliana mimi ndo nifunge. Nilifanyiwa kipindi cha mbalamwezi mitumbwi ikiwa imepumzika, leo ni wiki ya saba. Juzi nimepita maabara mwenyewe kupima, majibu yanasema mbegu zimeonekana, moja mpaka mbili kwa kila fildi ya maikroskopu, hazitembei. Nimechanganyikiwa. Jamaa mmoja hapa mwaloni ananiambia eti mimi nimefungwa kwa uzi tu, wenzangu wanachomwa, na uzi huwa unafunguka, tena anamjua mtu wa visiwani alifunga na mke akabeba mimba. Je nikakatwe tena? Na mke nimwambie nini?"

Marahaba mdogo wangu, na mwangaluka hapo Igombe. Nianze na yale ya kukufanya ulale: usiende kukatwa tena, na kondomu usizitupe. Ukishika hayo mawili leo, mengine haya unaweza kuyasoma kesho ukiwa umetulia. Karatasi yako haijasema uzi umefunguka, imesema umepima mapema. Na huyo jamaa wa mwaloni kuna kitu kasema ambacho kina ukweli nusu, nitamrudia.

Hapa wengi wanachanganya, na lawama nyingine ni zetu sisi wahudumu, unamfunga mtu unamwambia "tayari mzee, nenda nyumbani", anatoka pale anajua kuanzia usiku ule yuko salama. Wewe chukulia koki ya kwenye mita. Umeshawahi kuifunga ili fundi abadilishe bomba la jikoni? Ukifungua jikoni maji bado yanatoka, yanatoka mpaka yale yaliyokuwa ndani ya bomba yaishe, na hapo huwezi kusema koki mbovu. Mrija wa mbegu ni hivyohivyo. Kila korodani ina wa kwake, ukipapasa kwa nje juu ya korodani utausikia, mgumumgumu kama waya wa chaja, unene milimita mbili tatu, ukinyooshwa unafika sentimita 30 kwenda 45. Unatoka kwenye korodani, unapanda kinenani, unaingia tumboni, unazunguka nyuma ya kibofu na pale mwishoni unapanuka kidogo kabla ya kuungana na njia ya mkojo. Sisi tunaukata huku chini kwenye mfuko maana ndo unafikika kwa ganzi ya sindano tu. Sasa angalia, mbele ya pale ulipokatwa kuna mrija mrefu umebaki, na ile sehemu iliyopanuka nyuma ya kibofu, na kote humo kuna mbegu zilizokuwa zimeshapita kabla koki haijafungwa. Ndo hizo maabara wameziona.

Zenyewe haziongezeki tena. Kila bao linatoka na kiasi chake, zinazobaki zinazeeka na kufa humohumo. Kwa kawaida zinazotembea ndo hutangulia kuisha, maiti ndo zinakawia, kuna watu wanaonekana na maiti mbili tatu hata baada ya miezi mingi na hawana tatizo lolote. Kwahiyo kwenye karatasi yako neno la kuangalia kwanza ni "hazitembei", na mimi nilivyolisoma nikatabasamu kabisa.

Ila sio kwamba umefuzu. Tuhesabu kidogo, wewe ni mtu wa mahesabu ya ndoo za dagaa hili halikushindi. Mtu wa maabara akiweka tone la maikrolita 10 chini ya kioo cha milimita 22 kwa 22, akatazama kwa lenzi ya 40, ile duara anayoiona, ndo fildi, imebeba kama nanolita 4 za manii. Mililita moja ina fildi za namna hiyo 250,000. Kwahiyo mbegu moja kwa kila fildi ni kama laki mbili na nusu kwa mililita, mbegu mbili ni laki tano. Maikroskopu zinatofautiana upana wa duara, chukua hiyo kama makadirio. Sasa kiwango ambacho Chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani walikiweka kwenye mwongozo wao wa 2012, na wengi tunakifuata, ni kwamba mtu ameshafuzu kama hakuna mbegu kabisa au zipo zisizotembea, zisizozidi laki moja kwa mililita. Laki moja ni kama mbegu moja katika kila fildi mbili au tatu. Wewe uko juu ya hapo kidogo. Kumbuka lakini mwanaume ambaye hajafunga, kiwango cha chini cha kawaida cha Shirika la Afya Duniani ni kama milioni 15 au 16 kwa mililita, na nyingi kati ya hizo zinakimbia. Wewe umetoka huko umeshuka mpaka laki mbili laki tano za maiti ndani ya wiki saba! Bomba linaisha maji mdogo wangu, ndo hiyo karatasi inasema.

Na mwongozo huohuo unasema kipimo cha kwanza kifanyike kati ya wiki ya 8 na ya 16. Shirika la Afya Duniani wao wanasema miezi mitatu, na mpaka ipite mtumie kinga nyingine. Waingereza wanapenda wiki 12 na juu yake angalau mabao 20. Zamani hata huku tulikuwa tunawaambia watu wahesabu mabao tu, 20 basi, ikaonekana haitoshi, kuna mtu anamaliza 20 ndani ya wiki tatu (wapo, wanakuja wanajisifu) na mbegu bado zinakimbia. Muda ndo wa kushika. Mabao yanasaidia kusafisha bomba, kwahiyo usikae kama mtawa, endelea na mkeo kama kawaida ila na kondomu.

Haya, jamaa wa mwaloni na uzi wake.

Hii operesheni ina hatua mbili, na watu wanazichanganya kama moja. Ya kwanza ni unaingiaje, ya pili unaufungaje mrija ukishaushika. Ukisikia "bila kisu" hiyo ni habari ya kuingia tu. Aliyeianzisha ni daktari wa China, Li Shunqiang, mwaka 1974, mkoa wa Sichuan, alitengeneza vyuma viwili, kimoja koleo lenye kichwa cha pete linalobana mrija juu ya ngozi bila kuchana, kingine mfano wa mkasi wenye ncha kali unaotoboa ngozi na kuipanua. Tundu linalobaki ni dogo kiasi kwamba mara nyingi hata halishonwi. Ile ya zamani ni kuchana kwa kisu, sehemu moja au mbili, na kushona. Tofauti yake ilionekana vizuri Bangkok mwaka 1987, siku ya kuzaliwa mfalme, Wathai walifungia wanaume 1,203 siku moja, madaktari 28, wengine wanatumia kisu wengine ile ya Kichina, baadae wakawafuatilia. Waliopata matatizo kwa kisu ilikuwa kama watatu katika kila mia, bila kisu hata nusu mtu haifiki, 0.4 kwa mia. Matatizo yenyewe ni damu kuvujia ndani na vidonda kuoza. Kwahiyo bila kisu ni nzuri, mimi siirudii ya kisu. Lakini haihusiki kabisa na kama mbegu zitapita au hazitapita. Mtu anaweza kuingia kwa ustadi wote halafu akafunga vibaya.

Kufunga ndo penye mambo.

Njia ya kwanza, ambayo ndo wengi wanaijua, unaufunga mrija kwa uzi sehemu mbili, unakata kipande katikati kama sentimita moja, unaachia. Ndo mimi nilivyofundishwa. Na mwalimu wangu, nisimtaje, alikuwa anasema kaza kama unafunga kamba ya nanga, nami nikawa nakaza. Miaka imepita ndo nikaja kuelewa kwamba ukikaza sana unaua kile kipande cha mrija kilicho chini ya uzi, damu haifiki, kinaoza kinakatika, ncha inabaki wazi. Mbegu zinavuja pale, mwili unatengeneza kinundu cha kovu kuzizunguka, na ndani ya kile kinundu vinaweza kuota vijinjia vidogovidogo kama njia za siafu kuunganisha ncha hii na ile. Ndo kufunguka kwenyewe huko. Uzi hata haujafunguka, upo pale, mrija umejitafutia njia pembeni. Na hata ukate kipande kirefu sio dawa sana.

Njia ya pili ni hiyohiyo ya uzi ila unaongeza ujanja. Mrija umevaa ganda, utando mwembamba hivi kama lile ganda la ndani la kitunguu. Ukishakata, ncha moja unaiacha irudi ndani ya ganda lake, unavuta ganda juu yake unashona, ncha nyingine inabaki nje. Yaani ncha mbili zimekaa vyumba viwili tofauti na ukuta katikati, zitafutane wapi? Hii ilipimwa vizuri sana, wanaume 841 katika nchi saba, ikatoka mwaka 2004, nusu wamefungwa uzi peke yake nusu uzi na ganda. Kwa kuangalia manii tu, sio mimba, waliofeli kwa uzi peke yake walikuwa 12.7 kwa mia, wenye ganda 5.9. Yaani imepunguza nusu. Inaongeza dakika chache tu za kazi, ila inataka mkono uliozoea, ganda linachanika kirahisi.

Ya tatu ndo kuchoma anakosema jamaa yako. Waya mdogo wa moto, mwingine unatumia betri, unaingizwa ndani ya tundu la mrija kama sentimita moja kila upande, unaunguza ngozi ya ndani tu, nyama ya nje unaiacha ikiwa hai. Ile ngozi ya ndani ikipona inageuka kovu gumu, kizibo cha mwili wenyewe, na kwa sababu nyama ya nje haijafa hakuna ncha inayooza na kuachia. Kwenye utafiti wa kuchoma uliofanywa miaka hiyohiyo kufeli kulikuwa kama mmoja kwa mia. Kwahiyo ukipanga kwa uimara, kuchoma iko mbele, hasa ikiongezwa na ganda, halafu uzi na ganda, halafu uzi peke yake mkiani. Jirani zetu Rwanda walianza kufundisha watumishi wao kuchoma na ganda kwa pamoja mwaka 2010, kwa vile vifaa vya betri, vituo vya kawaida kabisa. Huku kwetu, ninavyoona mimi, wengi bado ni uzi, na sio dhambi, vifaa ndo vinavyoamua.

Kwahiyo jamaa yako ana ukweli nusu, uzi mtupu unafeli zaidi. Kakosea alipokuambia wewe ndo umefeli. Hata kwa ile hesabu mbaya kabisa ya 12.7, wanaume 87 kati ya mia walikuwa wazima, na anayejua wewe uko kundi gani ni maikroskopu. Na unajuaje kama ulifungwa uzi mtupu? Rudi pale ulipofanyiwa uulize, wala usione aibu, sema tu "naomba kujua mlifungaje, uzi peke yake au mlifunika na ganda, au mlichoma", wataangalia faili. Ukijua inakusaidia kujua uwe mwangalifu kiasi gani na kipimo, haibadilishi tarehe ya kipimo.

Aliyefeli kweli anaonekanaje? Mbegu zinashuka wiki za mwanzo, halafu badala ya kuisha zinaanza kupanda tena, na zinatembea. Ukipima miezi mitatu ukakuta zinazotembea, bado hatukimbilii kisu, unaendelea na kondomu unapima tena kila wiki nne mpaka sita, maana kuna wengine vile vijinjia vinajifunga vyenyewe kadri kovu linavyokomaa. Ikifika miezi sita na bado zinatembea, hapo ndo tunasema imefeli, tunarudia. Wanaorudiwa hawafiki hata mmoja kwa mia pakifanywa kwa njia nzuri. Kama ni maiti tu zimezidi laki moja na miezi sita imepita, daktari anaangalia zinashuka au zimesimama palepale, anaamua na wewe.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye ile habari ya mtu wa visiwani ambaye mke alibeba mimba, maana hii inavunja nyumba za watu. Nimeshakaa na mwanaume analia ofisini, kamfukuza mke na mimba ya miezi minne, kwamba "mimi nimefunga, hiyo mimba ya nani?" Nikamuuliza ulifunga lini, ulipima lini. Kufunga, miezi mitano nyuma. Kupima, hajapima kabisa, hakuna aliyemwambia. Mwezi mmoja baada ya kufunga alikuwa anakutana na mkewe bila kinga. Nikamchukua sampuli siku ileile, mbegu zikawa hazipo kabisa, operesheni safi. Hesabu mwenyewe mimba iliingia lini: iliingia wiki zile ambazo bomba lilikuwa bado lina maji. Mimba ilikuwa yake, na mwanamke wa watu yuko kwao Sengerema kwa aibu. Mimba inaweza kuingia kwa maji yaliyobaki, au ilikuwa imeshaingia kabla ya operesheni wenyewe hamjajua, au mrija umejiunga. Zote tatu baba ni wewe. Hata aliyepimwa akaambiwa amefuzu, inabaki nafasi kama mmoja kati ya 2,000 kwamba mimba itaingia miaka ya mbele. Ndogo sana, lakini ipo, na ikikutokea cha kwanza ni kupima manii yako, sio kufungua kesi ya ugoni.

Ndo cha kumwambia mke: mwonyeshe karatasi, mwambie zilizobaki ni maiti lakini hatujamaliza, tunavuta mpaka kipimo cha pili. Wengine kipindi hiki mke huchoma sindano moja ya miezi mitatu wakasahau mambo ya kondomu, inaendana vizuri na muda. Lakini mkeo kwa presha uliyoielezea, asichome sindano bila daktari kumpima presha kwanza. Kondomu mdogo wangu, wiki tano sita zilizobaki si nyingi.

Na sampuli yenyewe. Hapa ndo watu wanaharibu.

Kuna mzee mmoja aliniletea sampuli kutoka kisiwani kwenye chupa ya soda, kaifunga na nailoni, kaizika kwenye barafu la sangara ili isiharibike njiani! Alikuwa ameipanga kabisa, masikini, anajua samaki anavyotunzwa. Mbegu zikawa zimelala zote, sasa mimi nitasemaje, zimekufa kwa operesheni au kwa baridi? Tukaanza upya. Sampuli haitaki barafu, haitaki friji, haitaki jua la dirishani mwa daladala. Inataka joto la mwili, weka kopo mfuko wa ndani wa shati. Kopo liwe lile safi la mdomo mpana wanalotoa maabara, kalichukue siku moja kabla. Usikusanyie kwenye kondomu, zile za kawaida zina mafuta na dawa zinazoua mbegu, zitakupa majibu ya uongo ya kukufurahisha. Ukae siku mbili mpaka saba bila bao kabla ya hapo. Bao zima liingie kwenye kopo, hasa la mwanzo, likimwagika tone la kwanza sema ukweli maana ndo huwa na mbegu nyingi.

Ifike maabara ndani ya saa moja, zikizidi mbili imepoteza maana kwa sababu hata mbegu nzima zinachoka zikakaa. Kutoka Igombe mpaka Mwanza mjini kwa daladala mnasimama kila kituo kuanzia uwanja wa ndege, Pansiansi, Kirumba, inaweza kukulia saa nzima, kwahiyo chukua boda au nenda utolee hukohuko, maabara nyingi zina choo au chumba. Wa Ukerewe ndo kabisa, meli kutoka Nansio ni masaa matatu na zaidi, hao nawaambia walale gesti mjini.

Na ukifika umwambie mtu wa maabara maneno matatu. Kwamba umefunga mirija, anatafuta mbegu chache sio anahesabu za ugumba. Kwamba asiizungushe kwenye ile mashine ya kuzungusha, aitazame mbichi ilivyo, maana ikizungushwa maiti zote zinakusanyika chini anaziona anakuandikia "zimeonekana" unarudi kwangu umekonda. Na kwamba aandike kama zinatembea au hazitembei na ni ngapi, sio "chache".

Siku ya kupima usiumize kichwa na kalenda. Ulifanyiwa mbalamwezi. Mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, mbalamwezi ya tatu toka ile ni siku ya 88 hivi, wiki ya 12 na ushee, palepale panapotakiwa. Leo uko siku ya 49. Mbalamwezi inayokuja siku kumi mbele ni ya pili, iache ipite, ile inayofuata ndo yako, na mitumbwi itakuwa imepumzika hutakosa usiku wa kazi.

Mambo mengine mafupi, najua utayauliza au utaulizwa mwaloni. Nguvu hazipungui. Sisi tuliokulia kwenye ng'ombe tunaogopa kwa sababu tumeona dume likihasiwa linakuwa maksai, linanenepa, halina habari na majike. Lile linabanwa koleo kwenye kamba nzima inayobeba damu, korodani inakufa, na homoni inayolifanya dume inaisha. Wewe korodani haijaguswa, homoni haipiti kwenye mrija wa mbegu inaingia kwenye damu moja kwa moja, kwahiyo sauti, ndevu, hamu, vyote viko palepale. Manii hayapungui kwa macho, mbegu ni asilimia 2 mpaka 5 tu ya yale unayoyaona, mengine yanatoka kwenye tezi zilizo mbele. Mbegu zinazoendelea kutengenezwa mwili unazila wenyewe. Saratani ya tezi dume haisababishwi na hii. UKIMWI haikingi, hilo lijue. Damu kidogo kwenye manii wiki za mwanzo ni kawaida, ikiendelea miezi, pima kichocho kwanza, huku kwetu usikisahau. Maumivu ya kuvuta yanayokaa muda mrefu yanampata mmoja au wawili kwa mia, ukiwa nayo njoo usivumilie. Na kuunganisha tena kunawezekana kwa mafundi wanaoshona kwa kutumia darubini lakini usifunge ukiwa na hiyo akilini, ichukue kama ya kudumu.

Kigoma wanaume walishakubali hii kitu siku nyingi, kuna utafiti ulitoka 2007 wa huko, waliohojiwa wakataja ugumu wa maisha, sauti ya mke, dini, na kama mtoa huduma anaaminika. Kuelewa vibaya operesheni yenyewe nako kulikuwa kwenye orodha, na nafikiri wiki saba za wasiwasi wako zinatoka hapohapo.

Ukipata majibu ya mbalamwezi ya tatu nitumie picha ya karatasi nzima, sio kipande. Nataka kuona saa uliyotoa sampuli na saa iliyosomwa.